Roza wa Kaunta

Pale Busisi, kivuko kikiwa bado ng'ambo na foleni imefika mpaka kwa wauza mihogo, Evelina Mayala alirudi na chupa yake ya maji akakuta mwanaume ameketi kwenye viti vyake vya sinema. Vilikuwa vinne, vimeungana, vya kitambaa chekundu. Alikuwa amevinunua Sengerema kwenye ukumbi uliogeuzwa ghala. Mwanaume alikuwa amekunja nne, akilitazama ziwa.

"Baba, hivyo si viti vya kivuko."

"Najua, dada. Nasubiri picha ianze."

"Inuka."

"Katikati ya picha?"

Evelina alivaa gauni la kitenge lenye mabega yaliyopanda, na usoni hakuwa na mzaha. Mwanaume alikuwa na vumbi la msumeno masikioni na harufu ya lami mikononi. Aliitwa Owiti, fundi mitumbwi, Mjaluo wa Shirati mwenye kambi yake Kirumba. Alivibeba viti mpaka ndani ya kivuko bila kuombwa, akauliza vinakwenda wapi.

"Baa yangu, Nyegezi."

Baa ile ilizaliwa na hasira. Evelina alikuwa karani wa ushirika, mpaka wakubwa waliposema nchi inabadilika, wakabadilika wao kwanza, wakagawana magari, naye karani akapewa mkono wa kwaheri. Hakusahau. Miaka ile ya ruksa, kila mlango uliofungwa mjini aliufuata na mkokoteni, akanunua mabaki. Mizani ya pamba ikawa meza. Usukani wa basi lililokufa ukaning'inia darini na taa zake. Kibao cha "Hakuna Kazi" akakipigilia mlangoni mwa choo. Wazungu wenye mabegi mgongoni, wakishuka stendi ya Nyegezi, walikuja kukipiga picha na kucheka. Yeye hakuwahi kuona kichekesho.

Owiti alikuja kunywa soda moja, akazoea. Akisafiri Musoma kwa kazi alipiga simu kwenye duka la dawa la Teodora, jirani wa Evelina.

"Halo, mpenzi. Hujambo?"

"Ulisema Jumatano. Leo Ijumaa."

"Mtumbwi haujataka kuisha, Eve."

"Haujataka? Una mdomo?"

"Unao, ila hauufikii wako."

"Basi uoe huo mtumbwi."

"Nimekukumbuka, mama."

"Kumbuka na nauli ya kurudi."

"Wagonjwa wanataka kupita," alisema Teodora nyuma yake. Evelina akakata simu huku akitabasamu, jambo lililomuudhi mwenyewe.

Moyo ukiwa umelainika hivyo ndipo alipofanya kosa. Alikwenda Kirumba kuulizia mtumbwi mzee uliotengenezwa kwa mkono wa Owiti. Mvuvi mmoja, Otuoma, alikuwa ameajiriwa kwenye boti ya mashine ya wanunuzi wa sangara, na mtumbwi wake ulikuwa umelala mchangani. Akamuuzia bila kumtazama usoni. Seremala akaukata katikati. Nusu ya nyuma ikasimamishwa ukutani kuwa kabati la bia. Nusu ya mbele ikawa kaunta, na jina lililokuwa ubavuni, Roza, Evelina akalipaka upya kwa rangi nyekundu. Alitaka Owiti akirudi aone kazi yake inavyoheshimiwa.

Owiti alirudi Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, kavaa kaunda suti iliyonyooshwa, khanga ya zawadi kwapani. Alisimama mlangoni.

"Nani amemkata?"

"Nani huyo?"

"Roza."

"Owiti, huo ni mtumbwi. Nimeutafuta kwa sababu ni wako."

"Roza ni mama yake Otuoma, marehemu. Kwetu mtumbwi hupewa jina la mwanamke wa nyumba. Unatolewa kwa fundi kama bibi harusi, unaimbiwa mpaka majini. Ukizeeka unaachwa ufukweni uishe wenyewe. Haukatwi, Evelina. Wala hauwekewi bia kifuani."

"Otuoma mwenyewe ameniuzia."

"Otuoma ana aibu yake. Wewe una msumeno."

Akaondoka, khanga bado kwapani.

Evelina alichemka siku nzima. Ushirika ulikatwa vipande mchana kweupe, watu na watoto wao, na hakuna mwanaume aliyevaa suti akaja kuuliza nani amewakata. Leo mbao zimepata wakili.

Cha kuudhi zaidi, kaunta ilileta watu. Mzungu mmoja anayeandika vitabu vya wasafiri aliisifia, akasema ataitaja, na wengine wakaanza kufika wakiulizia "mtumbwi." Biashara haikuwahi kuchangamka vile. Lakini Evelina alijikuta hawezi kumwekea mtu bia juu ya Roza; alizungusha chupa meza kwa meza, na hata mteja aliyeegemea kaunta alimpa mkononi.

Mwishowe alikwenda Kirumba. Owiti alikuwa anashindilia pamba kwenye nyufa za mbao.

"Umeondoka bila kuacha maelekezo," alisema Evelina. "Mtumbwi uliokatwa hufanywaje?"

"Hakuna ajuaye. Hajawahi kutokea mjinga wa kiasi hicho."

"Sehemu yangu ya ujinga nimeimaliza. Ya ufundi ni yako."

Kesho yake asubuhi Owiti aliingia baa na kamba ya kupimia, akamzunguka Roza.

"Nusu ya mbele nikiiziba nyuma, itaelea. Ya watu wawili. Ya nyuma itarudi ufukweni, iishe yenyewe."

"Na kaunta yangu?"

"Nitakuchongea ya mbao za dukani."

"Nani atasafiri kuja kuona mbao za dukani?"

"Hakuna," alisema Owiti. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Tena kuna jambo. Mtumbwi utakuwa umetoka kwa fundi upya, na wa kuutoa ni mwanamke wa nyumba ya fundi. Kwangu hayupo."

Evelina alimtazama. "Unanichumbia, au unatafuta wa kusukuma mtumbwi?"

"Vyote."

"Mwanaume mwingine angeanza na la kwanza."

"Mwanaume mwingine hajakatiwa mtumbwi."

"Baba yangu yuko Kiseke. Ni Msukuma wa ng'ombe, habari za mitumbwi hazitambui. Ukienda, zungumzia ng'ombe."

Mlangoni wazungu watatu walikuwa wamefika, kamera shingoni. Evelina alizishusha sakafuni mbili mbili chupa zilizopangwa ndani ya kaunta, akaifuta kwa khanga aliyojifunga.

"Kaunta inaondoka," aliwaambia. "Wenye mikono washike."

Wakashika, wakihema. Owiti alitangulia mbele.

"Siku ya kuutoa utaimba Kijaluo."

"Sikijui. Nitaimba Kisukuma."

"Roza hatakielewa."

"Atazoea," alisema Evelina. "Mimi mwenyewe nina mengi ya kuzoea. Inua upande wako, unamburuza."