Picha Zilizoingia Bila Hodi

Picha ya tatu ilitoka Jumanne, Aprili 14, 2020, saa nne asubuhi, Bi Kidawa akiwa jikoni kwake Vickery Meadow, Dallas, mikono imejaa unga wa chapati. Alisikia printa inakoroma sebuleni. Humo ndani hamkuwa na mtu mwingine. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo na mnyororo, madirisha yamebanwa, na huo ulikuwa mwezi ambao hata ndugu wa damu hawatembeleani kwa sababu ya korona. Alikwenda na unga wake mikononi, akaiona karatasi inatoka taratibu, miguu kwanza. Miguu ilikuwa yake mwenyewe. Picha ilimwonyesha yeye, Kidawa, amelala kwenye kochi lilelile lililokuwa nyuma yake, mdomo wazi, khanga imemvuka begani.

"Nani?" alipiga ukelele. "Nani humu ndani?"

Hakujibiwa. Nyumba hiyo ilikuwa haimjibu tangu mumewe, Haitham, alipofariki Februari ya mwaka uliotangulia. Mimi ningekuwa nimesharuka dirishani, lakini Bi Kidawa alinawa mikono kwanza, ndipo akampigia simu Dorothea.

Dorothea alikuwa mwenyeji wa Morogoro, anaishi peke yake Richardson, jirani na Dallas, na kazi yake ilikuwa kuwasaidia kwa simu wafanyakazi wa kampuni moja ambao kompyuta zao zimegoma. Watanzania wa Dallas walikuwa na namba yake wote, na wote walimkumbuka kitu kikiharibika tu. Tangu Machi alikuwa akifanya kazi chumbani kwake. Siku nzima alisema na watu asiowaona, wamemkasirikia, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza kama amekula. Aliposikia hofu kwenye sauti ya Bi Kidawa aliomba ruhusa ya nusu siku, akavaa barakoa, akaendesha gari.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ila ukae kule mwisho. Wallahi naona aibu kumkaribisha mgeni kwa mbali hivi."

Karatasi zilikuwa mezani, zimepangwa kama zilivyotoka. Ya kwanza, ya wiki iliyopita, ilikuwa na mistari ya rangi tu, ile ambayo printa hutoa inapojaribiwa. Ya pili, ya Jumamosi, ilikuwa picha ya Haitham amekumbatia tikiti maji, anacheka.

"Hii ya pili ulipoiona ulifanya nini?"

"Nililia. Halafu nikaizungumzia, mtu mzima mimi. Nikamwuliza marehemu mbona amekonda." Bi Kidawa alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Lakini hii ya leo sijapata kuiona maishani mwangu. Kuna mtu ananipiga picha nimelala, Dorothea."

"Nani ana ufunguo wa hapa?"

"Ofisi ya haya majumba. Na shemeji yangu Abdulghafur, mdogo wake marehemu, aliyeko Gulfton kule Houston. Jumamosi anakuja na gari kunihamisha. Anasema upweke umenichanganya akili, nisifunge Ramadhani peke yangu. Nilikataa. Haitham alifia hapa, na hapa ndipo kwangu. Lakini picha nyingine ikitoka, naenda, bora niondoke na akili zangu."

Dorothea akapata mtu wa kwanza wa kumshuku. Abdulghafur alitaka shemejiye ahame, na ufunguo alikuwa nao. Akaichukua picha ya kochi, akaipeleka dirishani.

"Bi Kidawa, pazia la kwenye picha ni la kijani. Hili hapa lina maua."

"La kijani nililitoa baada ya arobaini."

"Basi hii imepigwa marehemu akiwa hai. Alikuwa anakupiga picha umelala?"

Bi Kidawa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefumaniwa. "Ndiyo mchezo wake, mtu yule! Ananipiga, halafu anaficha kwenye laptopu yake."

"Laptopu iko wapi?"

"Tulivitoa vitu vyake sadaka, kama desturi. Nguo zilikwenda msikitini Richardson. Laptopu na mazagazaga yake ya nyaya, shemeji aliondoka navyo kapuni."

"Na printa?"

"Hiyo niliisahau, mwanangu. Ilikuwa na kitambaa na jagi la maua juu yake. Nikaiona kama meza."

Dorothea alitaka kucheka, ila uso wa mwenzake ulimzuia. Akauliza intaneti ya sasa iliwekwa na nani. Ya zamani ilikuwa kwa jina la Haitham na ilikatwa alipofariki, na hii mpya ililetwa na Njoroge, Mkenya anayefunga intaneti nyumba za watu. Huyu naye paswedi anaijua. Dorothea akampigia, sauti ikiwa wazi ili Bi Kidawa asikie.

"Njoroge, kwa Bi Kidawa uliunganisha vitu gani?"

"Simu na TV, sista. Basi."

"Na printa?"

"Printa gani? Nilitaka kuweka ruta hapo juu yake, mathee akaniambia nisiguse meza yake. Kwani kumeharibika? Manze, sitaki maneno, mimi nilifanya kazi poa."

"Hujaharibu kitu. Asante."

Alikata simu, akaitazama printa kwa macho mengine. Printa ya waifai haichapishi kitu cha laptopu mpaka zote mbili ziwe kwenye mtandao mmoja. Hii haikuwahi kupewa paswedi mpya. Ingepaswa kuwa imepotea tangu mwaka jana, taa yake ikipepesa, ikiutafuta mtandao uliokufa. Lakini taa ya buluu ilikuwa imetulia tuli. Ilikuwa imeshaupata mtandao inaoutafuta.

Akaichomoa ukutani ruta ya Bi Kidawa, kile kisanduku kinachorusha intaneti. Intaneti ya nyumba nzima ikafa, simu ya Bi Kidawa ikalalamika. Taa ya printa haikutikisika.

"Njoo usome hapa," alisema, akabofya kioo kidogo cha printa mpaka jina la mtandao likatokea.

Bi Kidawa aliinama, akasoma kwa sauti: "Nyumba ya Kidawa." Akakaa chini. "Hiyo ndiyo waifai ya Haitham. Nilipokuja hapa kutoka Unguja nilikuwa nalia kila siku, najiona mpangaji. Akaibadilisha jina ili kila nikifungua simu nisome kwamba hapa ni kwangu."

"Ile ruta yake ya zamani iko wapi?"

"Ilikuwa kwenye kapu hilohilo la sadaka."

"Basi kapu halikufika Houston. Waifai hata barabara ya hapo nje haivuki vizuri. Ruta ya marehemu inawaka karibu na hapa, na laptopu yake iko nayo."

Abdulghafur alipokea simu kwa hasira, akidhani anaambiwa safari imeghairiwa; Dorothea alipomweleza habari za picha, akapanda zaidi.

"Mimi nimtie woga mke wa kaka yangu? Ili iweje? Nyumba yenyewe ya kupanga!"

"Sijakutuhumu, bwana Abdulghafur," Dorothea alimjibu. "Nauliza kapu uliliacha wapi."

"Sikutoka nalo hapo. Tulikuwa tunashusha kochi bovu, likatushinda ngazini. Akatokea jamaa anapanda, akatusaidia mpaka chini. Nikamkabidhi kapu hapohapo, maana naye alikuwa mhitaji, anaonekana. Mtu ukitoa sadaka humwulizi mpokeaji jina lake."

"Aliongea Kiswahili?"

"Kiswahili cha bara. Tena alinichefua. Tumetoka kwenye dua ya arobaini, yeye ananishika mkono, 'Hongereni kwa kuhama!' Nilikaribia kumnyang'anya kapu."

Jamaa alikuwa anapanda, na wao wanashuka. Bi Kidawa alikaa ghorofa ya katikati. Dorothea akatoka ngazini na simu mkononi, akitazama nguvu ya mtandao ule. Alipotelemka, alama zilipungua. Alipopanda zilijaa zote, mbele ya mlango ulio juu kabisa ya sebule ya Bi Kidawa. Bi Kidawa alikuwa nyuma yake, amejitanda, ameshika picha ya kochi.

Dorothea akabisha. Ndani kiti kilikwaruza, kisha kimya.

"Tunajua upo," alisema. "Na laptopu ya marehemu tunajua unayo."

Mlango ulifunguliwa na mwanamume wa miaka kama arobaini, barakoa imemning'inia kidevuni. Nyuma yake meza ilikuwa na kikombe kimoja, sahani moja na laptopu yenye mkanda mweusi wa gundi kwenye kona. Bi Kidawa aliujua mkanda ule, aliukata yeye.

"Naitwa Severin," alisema yule bwana. "Shikamoo, mama." Hakumtazama usoni.

"Marahaba ya nini? Wewe ndiye unayeniletea maiti nyumbani?"

"Mama, naomba nieleze."

"Eleza," alisema Dorothea. "Anza na ruta."

Severin alikuwa mhasibu. Ofisi yao ilipofungwa walirudishwa majumbani, na alihitaji intaneti yake mwenyewe. Ruta ya kukodi ilikuwa ghali, akalikumbuka kapu. Alipoichomeka, laptopu ikaitambua ruta yake ya zamani bila kuulizwa paswedi, na jina la printa likatokea. Hakujua printa hiyo iko wapi. Akajaribu kuchapisha ukurasa mmoja.

"Nikasikia kitu kinakoroma chini ya miguu yangu," alisema. "Halafu sauti yako, mama, 'Bismillahi, nini tena hiki?' Sakafu hizi ni mbao tupu, kila kitu kinasikika. Mke wangu yuko Bukoba, viza yake imekwama. Mimi hapa wiki zinapita sijafungua mdomo. Siku ile nilifanya jambo, na mtu akajibu."

"Ukaona umtishe mjane?" Dorothea alikuwa amekasirika kwelikweli. "Ulimsikia analia Jumamosi, ukaendelea?"

"Nilisikia amelia. Lakini baadaye nikamsikia anaongea na picha, anamtania. Nikasema hizi picha ni zake, ziko humu nyingi, nazikalia mimi nisiyemjua hata mmoja wao. Nikadhani namrudishia. Leo aliposikika akipiga kelele ndipo nilipojua nimefanya nini. Tangu saa nne nimekaa hapa natafuta namna ya kushuka."

"Mlango wangu uko hapo chini," Bi Kidawa alisema. "Kipi kilikushinda kuzileta mkononi?"

Severin aliipandisha barakoa, labda ajifiche. "Ile hongera, mama. Kweli nilidhani mnahama. Baadaye ofisi ya haya majumba wakaniambia ni msiba. Nikasema kesho nitakwenda kutoa pole. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi, na kila siku inayopita nazidi kukosa pa kuanzia. Mwaka mzima nasikiliza kwanza kama uko ngazini, ndipo nitoke."

Dorothea alirudi nyuma hatua moja. Alikuja kumkamata mhalifu, amemkuta mtu aliyejifungia kwa aibu.

Bi Kidawa hakuwa na haraka ya kusamehe. "Umeingia nyumbani kwangu bila hodi, mwanangu. Mchana kweupe, na mume wangu mkononi. Hata mwizi angengoja nilale! Sasa utanifuata. Nikishaingia ndani na kufunga, utabisha hodi, utasema ulichotakiwa kusema mwaka jana."

Wakashuka. Bi Kidawa akaingia, akafunga, hata mnyororo akautia. Severin akasimama mkekani kama aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Hodi!"

"Karibu." Mlango ukafunguliwa.

"Pole na msiba, mama. Pole sana."

"Nishapoa," alisema Bi Kidawa, kama inavyojibiwa. Lakini hakuwa amepoa hata kidogo. Alishika mlango akalia kwa sauti, na Severin akalia naye hatua sita mbali, na Dorothea, ambaye hata hakumjua marehemu, barakoa yake ikalowa. Korona iliwazuia kushikana hata mikono.

Walipotulia, Severin alitaka kuileta laptopu. Bi Kidawa alikataa katakata, sadaka imeshatoka. Picha ndizo alizozitaka.

"Naweza kuiunganisha printa na ruta yako mpya sasa hivi," Dorothea alimwambia. "Ni kuchagua jina na kuandika paswedi. Hakuna atakayekuchapishia kitu tena kutoka nje."

Bi Kidawa alikitazama kile kioo kidogo, jina lake likiwa bado linawaka pale. "Iache ilivyo," alisema.

Jumamosi Abdulghafur alifika na gari kutoka Houston, hakukuta hata sanduku moja lililofungwa. Alifoka, akanywa chai ngazini, akaelezwa, akacheka mpaka akakohoa watu wakamkimbia. Alirudi Gulfton na chapati.

Ijumaa, Aprili 24, ilikuwa funga ya kwanza. Magharibi ilikaribia, na Bi Kidawa alikuwa amepika uji, tambi na mihogo ya nazi, akamwekea mume sahani kwa mazoea, akakumbuka hayupo, akabaki ameishika. Simu ilikuwa wazi mezani, Dorothea yuko upande wa pili kule Richardson. Siku hizi alipiga hata kama hakuna kilichoharibika.

"Umekula nini wewe?" Bi Kidawa alimwuliza.

Dorothea aliisogeza simu karibu na mdomo. Kabla hajasema, printa ilianza kukoroma.

"Picha?" aliuliza.

Bi Kidawa aliichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho ili asome. Haikuwa picha. Ilikuwa nyeupe yote, na katikati neno moja: Hodi.

Akaiweka chini, akachukua fagio, akagonga dari kwa mpini.

"Karibu!" alipaza sauti. "Shuka, Severin, sahani yako ninayo!"