Nilifumba Jicho Moja Tu

Mwizi alikuwa mkwe wangu!!

Nilimwona kwa jicho langu hili. Moja tu, maana la pili nilikuwa nimelifumba...

Tulieni niwasimulie, wajukuu zangu wa mtandaoni.

Nina kansa ya titi. Kila Jumanne wagonjwa tunakaa duara pale hospitali na mshauri wetu, binti mpole, kila mtu anatoa la moyoni. Wenzangu wanalia. Mimi nachekesha.

Siku hiyo kiti cha jirani yangu, fundi cherehani, kilikuwa kitupu. Tulimzika Jumamosi.

“Fumbeni macho,” mshauri akasema. “Vuteni pumzi taratibu...”

Mimi na kutii wapi na wapi! Nikachungulia.

Mikoba yetu iko kwenye benchi mlangoni. Mke wa mwanangu, anayenisindikiza kila mara, anapekua wa kwangu! Akachomoa soksi. Akaitumbukiza kifuani.

Nikasimama.

“Mwiziii!”

Macho yote yakafumbuka.

“Rudisha soksi yangu, we mtoto!”

“Sirudishi, mama.”

“Unaniibia mgonjwa mimi?!”

“Basi waambie ina nini ndani.”

Wote wakanigeukia.

“Ina mguu wa akiba,” nikasema.

Hakuna aliyecheka.

“Ni dawa zake,” mkwe akasema. “Hanywi. Anazificha, aje azinywe zote siku moja atuage. Kila wiki nazipunguza kidogo kidogo. Leo nazichukua zote...”

Jamani! Kumbe ndiyo maana zilikuwa haziongezeki! Nikadhani uzee umenila akili.

Na siku yenyewe nilishaichagua.

Nikatafuta utani mwingine. Sikuupata.

“Naogopa,” nikasema. “Nilimsikia fundi alivyokuwa akilia na maumivu. Mimi sitaki kufa vile.”

Neno hilo sikuwa nimemwambia mtu tangu nikatwe titi.

Mshauri akahamia kile kiti kitupu, akanishika mkono. Hakunihubiria.

“Maumivu tutamwona daktari leo leo, bibi. Hofu utaileta hapa. Na usiku hulali peke yako.”

“Nalala naye mimi,” mkwe akadakia.

“Unakoroma,” nikamwambia.

“Nitakoroma, mama.”

Kansa bado ninayo, msije mkadanganyana. Ila nawaachia hili: yule anayewachekesha kila siku, muulizeni usiku analalaje. Na wewe unayeficha soksi yako... mwambie mtu. Leo.

“Fumbeni macho tena,” mshauri akasema.

Nikafumba.

Yote mawili.