Chupa ya Mwisho ya Verla

– Hebu niambie, Arlys. Tangu langoni unacheka peke yako kama binti wa kipaimara. Una nini?

– Saa nane utajua.

– Saa nane kuna nini?

– Kula nyama yako, mzee. Mafuta yanakuchuruzikia shatini.

Delmar akacheka, akaugeuza mkononi mfupa wa nyama ya nguruwe, akapangusa kidevu kwa leso. Jua la Agosti lilikuwa linachoma mpaka lami ya Maonyesho ya Jimbo la Iowa inanata chini ya viatu. Walikwisha kupanga foleni kumtazama ng'ombe wa siagi, sanamu iliyochongwa kwa siagi tupu, kwenye chumba chake cha baridi. Walikwisha kumcheka yule dume la nguruwe aliyeshinda kwa uzito na kulala usingizi mbele za watu. Arlys aliviona vyote kwa jicho la juujuu. Moyo wake ulikuwa Jengo la Vyakula.

Miaka yote alikuja hapa kutazama tu. Kuja, kutembea, kula, kurudi nyumbani. Mwaka huu jina lake lilikuwa kwenye orodha ya washindani, na Delmar hakujua.

Arlys alikuwa mjane kwa miaka tisa sasa. Mke wa Delmar, Verla, alifariki Septemba iliyopita. Wote watatu walisali kanisa moja, na Verla alikuwa rafiki wa Arlys, si wa kusalimiana tu. Arlys ndiye aliyemlaza kichwa mapajani siku zile za mwisho na kumlisha supu kwa kijiko cha mtoto. Baada ya mazishi akaendelea kumpelekea Delmar chakula, Delmar akaendelea kurudisha vyombo vikiwa vimeoshwa, na katika kupeleka na kurudisha huko likaingia jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Siku ya Pasaka, nje ya kanisa, Delmar alimwambia:

– Maonyesho yakishapita, nina neno nawe.

Hakuuliza neno gani. Mwanamke wa miaka sitini na sita haulizi. Alirudi nyumbani akapiga magoti, akamwambia Mungu kwamba hadai, ila akipewa hatakataa.

Halafu, wiki tatu zilizopita, Janelle, binti wa Delmar, akamwomba amsaidie kusafisha stoo ya chini ya nyumba ya baba yake. Huko, nyuma kabisa ya chupa za viazi, Arlys aliikuta chupa moja ya mapichi ya kuhifadhi, yaliyopikwa na kufungwa. Moja tu, peke yake, ina vumbi. Akajua ni mkono wa Verla. Miaka ishirini na miwili Verla alileta mapichi yake kwenye maonyesho, na miaka ishirini na miwili alirudi na utepe mwekundu wa namba mbili. Wa bluu, wa namba moja, hakuwahi kuugusa. Waamuzi walimkata alama kwa sababu ya kitu kilekile: ndani ya kila chupa aliacha kokwa moja. "Ndivyo alivyofanya bibi yangu," alikuwa akisema, "kokwa ndilo linaloyapa roho." Na kila mwaka akaliacha tena.

Arlys akaona Delmar ameisahau chupa ile. Delmar mwenyewe mapichi hayapendi sana. Akaificha chini ya aproni. Sheria ya mashindano inataka kitu kilichofungwa baada ya maonyesho ya mwaka jana. Hiyo chupa iliitimiza. Inataka pia mshindani awe hai. Hapo ndipo akaandika jina lake mwenyewe. Alisali kwanza. "Bwana, jina tu ni langu. Utepe ni wake."

Saa saba na nusu wakaketi kwenye mabenchi mbele ya meza ya mwamuzi. Kwenye benchi la mbele akageuka Lavonne, mwenzao wa kwaya, mwanamke ambaye siri kwake ni kama maji kwenye chujio.

– Ehee, Bi Arlys! Tangu lini wewe unafunga mapichi? Nimeliona jina lako ukutani nikavua miwani, nikaivaa tena.

– Tangu mwaka huu.

– Mwaka juzi uliniletea maharage yako ya siki, mbwa wangu akahama nyumba.

– Mbwa wako alihama kwa sababu ya kuimba kwako, Lavonne.

Watu wakacheka. Delmar akamgeukia Arlys, macho yamejaa furaha.

– Umeingia mashindano? Wewe?

– Nimekwambia subiri.

– Ndiyo maana ulikuwa unacheka! Akaukamata mkono wake, akauweka gotini kwake mbele ya Lavonne, yaani mbele ya kanisa zima. Hakuwahi kufanya hivyo. – Arlys, nilisema nitasubiri maonyesho yapite. Nimechoka kusubiri. Nisikilize.

– Nakusikiliza.

– Verla, wiki ile ya mwisho, alitaka kufunga mapichi. Kusimama hawezi. Nikamwekea kiti jikoni, nikamenya mimi, akapanga yeye. Moja baada ya moja, kama anamlaza mtoto. Alifunga chupa moja tu, nguvu zikaisha. Akaandika kwenye kifuniko, akaniambia: "Delmar, hii usiifungue mpaka umpate mtu wa kula naye. Siku utakapoifungua, mimi nitajua huli peke yako."

Arlys akauvuta mkono wake kutoka gotini.

– Nimeificha nyuma ya viazi, Delmar akaendelea. – Kila mwezi nashuka mara moja, naitazama, napanda. Leo asubuhi nimempigia Janelle aende aipandishe, aiweke kwenye friji. Kesho Jumapili. Nataka tuifungue wewe na mimi, mezani kwangu, halafu nikuulize lile neno. Lakini neno unalijua tayari, sivyo? Arlys? Mbona umekuwa mweupe? Ni joto?

– Nakuja.

– Unakwenda wapi?

– Nakuja, Delmar. Nakuja sasa hivi.

Alishuka mabenchi akiwakanyaga watu vidole. Mezani chupa zilikuwa saba, zote zimepangwa kwa namba. Ya kwake ndiyo ya mwisho, na sita zilikuwa zimekwisha kuonjwa. Akamfikia karani, dada mmoja mwenye kofia ya kijani.

– Mwanangu, nataka kuitoa chupa yangu. Namba saba.

– Haitoki, mama. Ikishapanda mezani haitoki.

– Nimekosea. Si yangu.

– Si yako? Jina lako nani?

– Arlys Thorson.

Karani akaangalia karatasi.

– Ni yako, mama. Nenda ukaketi, unawazibia watu.

– Nakuomba kwa jina la Mungu.

– Mama, watu wote wana wasiwasi siku ya kwanza. Kaketi.

Mwamuzi, mzee mrefu mwenye suruali ya mikanda ya mabegani, mgeni mwaka huu, alikuwa amekwisha kuinua namba saba kwenye mwanga. Akaizungusha. Akaingiza ncha ya kifungulio chini ya kifuniko, na chupa ikatoa pumzi yake, pwaa, sauti ndogo tu. Arlys aliisikia kama mlango wa kaburi.

Kule juu kwenye benchi simu ya Delmar ililia. Ujumbe wa Janelle:

"Baba nimetafuta stoo nzima. Chupa ya Mama haipo. Nyuma ya viazi hakuna kitu. Uliihamisha?"

Akausoma mara mbili. Akainua uso kumtafuta Arlys, na wakati huohuo mwamuzi akasema kwenye kipaza sauti:

– Mabibi na mabwana, tazameni hapa. Huyu ameacha kokwa.

Akalitoa kwa kijiko. Kokwa moja, limekolea rangi ya chai. Akaonja kipande cha pichi, akatafuna taratibu, akatema kwenye kikombe kama waamuzi walivyozoea.

– Wenzangu wengi wangemkata alama. Mimi simkati. Aliyepanga chupa hii hakuwa na haraka ya kwenda popote. Utepe wa bluu. Arlys Thorson!

Watu wakapiga makofi. Lavonne akapiga mluzi. Karani akambandika Arlys utepe kifuani palepale aliposimama, na yeye hakuwa na nguvu ya kumzuia mkono.

Delmar akashuka polepole, ngazi kwa ngazi. Akasimama mbele yake.

– Ile ni ya Verla.

– Delmar, nisikilize.

– Ile ni ya Verla, Arlys?

– Ni ya Verla. Nilidhani umeisahau. Nilitaka ashinde. Miaka ishirini na miwili, Delmar! Nilitaka nikuwekee utepe wake mkononi.

– Una jina lako.

– Wafu hawaandikishwi.

– Na ungeniuliza mimi? Mimi si niko hai?

Arlys akaufunika utepe kwa kiganja.

– Na maandishi yake? Kwenye kifuniko?

– Delmar...

– Yako wapi maandishi yake?

– Sheria haitaki alama yoyote kwenye chupa. Niliyafuta. Kwa spiriti.

Delmar akafumba macho. Aliandika nini Verla kwenye kile kifuniko, Arlys hakukumbuka hata alipojikaza. Alikuwa na haraka siku ile. Ilikuwa mistari miwili mifupi, na yeye alisugua bila kuisoma sawasawa.

– Bado ipo, Arlys akasema, akimshika mkono wa shati. – Tazama, ipo pale mezani! Tuiombe, Delmar. Tukae hapahapa tule, wewe na mimi, hata kwa vidole!

Wakageuka wote wawili. Mwanamke wa usafi alikuwa anapita na ndoo, anamwaga chupa zilizokwisha kuonjwa. Zilizofunguliwa haziliwi wala hazirudishwi, ndiyo kanuni ya afya, joto lile. Namba tano. Namba sita. Arlys akanyoosha mkono, akachelewa. Mapichi ya Verla yakateleza ndoani juu ya mabaki ya bitiruti za siki, yakaanza kushika wekundu.

– Chupa tupu mtaipata siku ya kufunga maonyesho, karani alisema kwa upole. – Aje mwenye jina.

Safari ya kurudi ni mwendo wa saa mbili. Mahindi yalisimama kulia na kushoto, marefu kupita gari. Utepe ulikuwa juu ya dashibodi katikati yao, unatikisika.

– Nitukane, Arlys akasema. – Nipigie kelele. Nakuomba.

– Sina hasira.

– Ungekuwa nayo ningejua la kufanya.

– Nami pia.

Walipofika kwa Arlys, Delmar alizunguka kumfungulia mlango wa gari, kama siku zote. Akasema:

– Aliniambia niifungue nikiwa na mtu wa kula naye. Imefunguliwa na mtu nisiyemjua, akaonja, akatema. Sijui nitamwelezaje.

– Verla angenisamehe. Namjua.

– Angekusamehe kesho asubuhi, kabla hata ya chai. Mimi si Verla.

Jumapili Delmar aliketi upande wa pili wa kanisa, karibu na dirisha. Arlys alishika kitabu cha nyimbo bila kufungua mdomo. Mchana akamwandikia, akifuta na kuandika upya mpaka kahawa ikapoa:

"Delmar nimekukosea na nimemkosea yeye. Nisamehe."

Jibu lilikuja jioni.

"Nimekusamehe Arlys. Bwana ametuamuru na nimefanya. Lakini chupa nyingine sina."

Siku ya kufunga maonyesho alikwenda peke yake. Mahema yalikuwa yanashushwa, ng'ombe wa siagi ameondolewa, upepo unasukuma vikombe vya karatasi. Alitia sahihi jina lake, akapewa chupa. Kifuniko kimetupwa, wakamwambia. Vifuniko hutupwa vyote.

Akapita nyumbani kwa Delmar. Alibisha. Delmar akafungua, akaipokea kwa mikono miwili, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni. Kisha akaileta puani.

– Imeoshwa.

– Ndivyo walivyonipa.

– Kwa sabuni.

– Kwa sabuni, Delmar.

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari aliyokwisha kuijua. Arlys akamnyooshea utepe. Delmar akautazama, jina lililoandikwa kwa wino mweusi, akamrudishia Arlys mkono taratibu mpaka kifuani kwake mwenyewe.

– Huo ni wako, mama. Uliandikwa wewe.

Hakuwahi kumwita mama. Alimwita Arlys siku zote.

Akaufunga mlango polepole, kwa adabu, asije akamuumiza.