Mbega Kumi na Wawili

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare zake na kuzianika, Chiriku alimfuata shangazi yake kwenye kituo cha hifadhi, juu mlimani. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa mhifadhi wa msitu. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza ndefu, ramani iliyochomekwa pini za rangi, na kabati la chupa za sampuli lililonuka spiriti.

Wanafunzi wa klabu ya mazingira waligawiwa vijia vifupi vya kuhesabia wanyama. Chiriku alipewa kile cha mgongo wa mlima, ambako mlinzi wa lango angemsikia akiita. Kazi yake ilikuwa kuwahesabu mbega, wale kima weusi wenye mikia mirefu myeupe.

Jumamosi moja alikaa juu ya jiwe na darubini yake nusu saa nzima. Miti ilikuwa kimya. Hakuona hata mkia mmoja. Akawaza kwamba akiandika sifuri, wenzake watasema alilala, au kelele zake zimewafukuza. Tayari walikuwa wakimtania hivyo. Basi akaandika kama juma lililopita: mbega kumi na wawili, wote wazima.

Shangazi aliisoma fomu, akamsifu, akachomeka pini ya kijani kwenye ramani.

Kabla ya adhuhuri akafika daktari wa wanyama, mtu mnene mcheshi aliyependa kusema kwamba wagonjwa wake hawajawahi kumdanganya. Alieleza kuwa mbega mmoja ameokotwa karibu na mto, mwili umejaa vidonda vya ngozi. Alikuwa na siku hiyo moja tu, na alitaka kujua aanzie wapi. Akaitazama ramani.

"Huku mgongoni ni kijani," alisema. "Tupaache. Nitakwenda ng'ambo ya mto."

Chiriku alikuwa akiosha vikombe pembeni. Alijikuta anaosha kikombe kimoja kwa mara ya tatu. Akakiweka chini.

"Shangazi, wale mbega sikuwaona."

"Hukuwaona wangapi?"

"Wote. Nilikaa nusu saa. Niliona haya kuandika sifuri."

Shangazi aliiendea ramani. Kisha akaing'oa pini ya kijani, akachomeka nyekundu. Daktari alikwisha kulibeba begi lake.

Waliwakuta mbega kwenye korongo chini ya mgongo ule, wamejikunyata pamoja. Wanne walikuwa wakijikuna bila kukoma, na manyoya yao yamenyonyoka. Daktari akasema ni upele, unaenezwa na vidudu vya ngozi kwa kugusana, na kwamba majuma machache tu yangetosha kulimaliza kundi zima. Walinzi walitandaza wavu chini ya miti. Wagonjwa wakachomwa dawa ya usingizi mmoja mmoja, wakatibiwa, wakaachwa wazinduke kivulini. Chiriku alikaa mbali, amevaa barakoa, akiandika kila alichotajiwa na daktari. Siku hiyo hakupiga soga hata kidogo.

Jioni, wakiteremka, aliomba radhi. Shangazi alimshika bega.

"Ungeandika sifuri, tungejua tangu asubuhi. Unapokwenda mahali penye mbega usiwaone, hiyo ni habari kubwa kuliko kuwaona."

Mwezi mmoja baadaye alirudi kwenye kijia chake. Akahesabu mara mbili: mbega tisa. Wengine manyoya yalikuwa yameanza kuota, mafupi kama ya mswaki. Kwenye klabu, mwenzake alimuuliza watatu wako wapi.

"Sijui," alijibu bila kuona haya. "Mimi nimewaona tisa."

Shangazi aliichukua ile fomu, akaisoma taratibu, akacheka.

"Sikilizeni, wanangu," aliwaambia. "Msitu hauwezi kuja ofisini kutueleza unaumwa wapi. Unatutegemea tuusemee. Basi andikeni mlichokiona, hata kama ni kidogo, hata kama hakuna. Mganga hatibu ugonjwa uliofichwa."