Filimbi ya Kwanza

Kila siku kengele ya mapumziko ilipolia, wenzake Kalamu walikimbilia uwanjani, naye akakimbilia maktaba. Alifungua madirisha mawili, akafuta vumbi mezani, kisha akakaa mlangoni na daftari la wanaoazima vitabu. Kalamu haikumtoka sikioni hata wakati wa kula, na ndiyo maana shule nzima ilimwita hivyo.

Muhula huo kazi yake kubwa ilikuwa kulinda foleni ya kitabu cha tatu. Hadithi ya Mji wa Filimbi ilikuwa na vitabu vitatu. Ilisimulia mji ambao kila raia alivaa filimbi shingoni, na akimshuku jirani yake, aliipuliza ili askari waje kumkamata. Viwili vya mwanzo darasa zima lilikwisha kuvisoma. Cha mwisho kilikuwa kimoja tu, kipya, na kila mtu alitaka kujua ni nani aliyeanzisha balaa lile.

Kalamu alikuwa wa pili kwenye orodha. Wa kwanza alikuwa rafiki yake, binti wa fundi viatu, ambaye kwa utani wa darasani aliitwa Soli.

"Kuna aliyekigusa kabla yangu?" Soli aliuliza Jumatatu alipokuwa akitia sahihi.

"Nani akiguse na mlinzi niko hapa?" Kalamu alijibu bila kumtazama usoni.

Kila msomaji alipewa siku tatu. Alhamisi ikafika, kitabu hakijarudi. Kalamu alimkuta Soli bombani akijaza chupa yake maji.

"Cha tatu kiko wapi?"

"Kimekwisha," Soli alisema kwa sauti ndogo. Akafunga chupa na kuondoka haraka.

Kimekwisha? Kama amekimaliza, mbona hakirudishi? Tangu hapo Kalamu hakuona jema kwa rafiki yake. Begi la Soli lilikuwa bapa, maana yake kitabu hakimo. Jana alikuwa wa kwanza kutoka getini, na juzi vilevile. Soli alipomnong'oneza dada mmoja wa darasa la juu, Kalamu akaamini kuwa wanapanga njama. Yote aliyaandika nyuma ya daftari, pamoja na saa na mahali. Dalili ya mvua ni mawingu, alijiambia, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa maktaba.

"Mwalimu, Soli amemaliza kitabu cha tatu na amekificha. Amekiri mwenyewe."

"Amekiri?" Mwalimu alivua miwani. "Basi kisipokuwa hapa kesho wakati wa mapumziko, nitaizuia kadi yake mwaka mzima."

Kalamu alitegemea kufurahi, lakini hakufurahi. Kwao Soli hakukuwa na kitabu hata kimoja. Alisoma mpaka magazeti makuukuu ambayo baba yake alijazia viatu. Mwaka mzima bila kadi ungemuumiza sana. Lakini shaka ikikukaa moyoni haikupi nafasi ya kupumua, na Kalamu aliona dawa ni moja: amfume Soli na kitabu mkononi.

Baada ya masomo alimfuata kwa mbali, akijibanza kwenye kona za maduka, hadi kwenye kibanda cha baba yake. Fundi alikuwa ameshika kiatu cha mteja, akikigeuza huku na huku.

"Hiki kimekwisha, mama," alisema. "Lakini usikitupe. Nikikishona kitatembea tena."

Kalamu alisimama pale pale. Kimekwisha. Kwa mtoto wa fundi viatu, kitu kilichokwisha ni kitu kilichoharibika.

Kwenye rafu aliona kitabu cha tatu, kimebanwa katikati ya miguu miwili ya mti, ile ya kupimia viatu.

"Umenifuata?" Soli aliuliza.

Kalamu akamgeukia fundi. "Shikamoo baba," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Sogea kivulini, usisimame hapo kama mkaguzi."

"Baba, kitabu kimefanyaje?"

"Kimevunjika mgongo. Kurasa zilikuwa zinadondoka. Nimezishona kwa uzi wa viatu, sasa tunangoja gundi ikauke." Fundi alichukua sindano yake. "Kuna mtu alikikunja kwa nguvu huku nyuma, alikuwa na pupa ya kuona mwisho. Kitabu ni kama kiatu, hakitaki pupa."

"Nilikikuta hivyo nilipofika nyumbani," Soli alisema. "Ningemwambia nani? Wewe ulisema hakuna aliyekigusa."

Masikio ya Kalamu yaliwaka moto. Aliikumbuka vizuri siku kitabu kilipofika. Mwalimu alikwenda kutafuta muhuri, naye akakikunja jalada kwa jalada ili asome sentensi ya mwisho tu: "Filimbi ya kwanza niliipuliza mimi." Mgongo ukalia ka. Akakifunga upesi, akakaa kimya.

"Ni mimi," alisema, machozi yakimlenga. "Na nimekusemea kwa mwalimu, Soli. Nisamehe."

Soli aligeuka pembeni. Alikuwa ameumia.

"Haya," fundi alisema taratibu, "upelelezi wako umefaulu. Mhalifu umempata."

Kesho yake waliingia maktaba pamoja. Kalamu alieleza yote, tangu muhuri hadi kibanda cha fundi. Mwalimu alipitisha kidole kwenye uzi mweusi ulioshika kurasa.

"Kadi ya Soli inabaki kwake," alisema. "Yako inapumzika mwezi mmoja, na jina lako linakwenda mwisho wa foleni. Ulisikia neno moja, ukalijengea nyumba nzima. Ungemwuliza 'kimekwisha vipi?' angekujibu. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Na aliyeficha kosa lake ndiye mwepesi wa kuyaona ya wenzake."

Jina la Kalamu lilifikiwa wiki ya mwisho ya muhula. Alisoma tangu ukurasa wa kwanza, kitabu amekifungua nusu tu. Sentensi ya mwisho alipoifikia, safari hii aliielewa.

Soli alikuwa akimngoja mlangoni.

"Kimekwisha?" aliuliza.

"Nimekimaliza," Kalamu alisema. "Chenyewe ni kizima."