Rundo la Gatongora

Chuma cha kulehemu kilikuwa cha moto, na hakuna mtu aliyekuwa amekichomeka. Warigia ndiye aliyefungua karakana asubuhi hiyo, na alipokishika akisogeze tu apate nafasi ya kuweka mkoba, kilimuunguza kidole. Aliufuata waya wake kwa macho. Ulikuwa umezungushwa na kufungwa kwa mpira, vile alivyouacha jana yake, na plagi ikining'inia hewani. Alipuliza kidole akajiambia ni jua la dirishani. Lakini dirisha lile lilitazama upande jua linakozama, na nje kulikuwa bado na ukungu.

Karakana yenyewe ilikuwa jumba la mawe lililoezekwa mabati, nyuma ya maduka ya Gatongora, kule Ruiru. Mafundi wa redio, simu na televisheni waliungana hapo zamani, wakaleta vifaa vyao pamoja, kila mmoja atumie cha mwenzake. Lilikuwa wazo zuri lililoharibiwa na fujo. Mtu angeweza kutafuta bisibisi nusu ya asubuhi, kisha aipate chini ya sahani ya githeri ya juzi. Mwenyekiti wao, Bedan, mwanamume mwenye mdomo mtamu na haraka nyingi, alikuwa amewaalika wageni wa shirika fulani waje kuona kazi yao. Wakipendezwa, wangeleta mashine mpya na vijana wa kufundishwa. Ndipo wenzake wakamwomba Warigia apange karakana, kwa sababu meza yake pekee ndiyo iliyokuwa na uso unaoonekana.

Akaishika kazi hiyo kwa mikono miwili. Aligonga rafu kwa mbao za kreti, akatenganisha skrubu kwa ukubwa ndani ya makopo ya majarini, akachora ukutani kivuli cha kila kifaa ili hata mgeni ajue koleo inarudi wapi. Ikabaki kona moja tu: chumba cha nyuma.

Humo ndimo vilimotupwa vitu vilivyokuwa vimekufa kabisa. Redio zilizooza, televisheni za mgongo mkubwa, deki za kanda, vyote vimerundikana mpaka dari. Mzee Ahmad, fundi wa kwanza kuingia jumba lile, alimwomba kwa upole kwamba chumba hicho kiachwe. Warigia akamuuliza kwa nini. Mzee alikuna kidevu, akasema tu kuwa vitu hivyo vimezoea pale. Warigia alicheka. Kesho yake lori la mnunuzi wa vyuma chakavu wa Gatuanyaga likaja na kulibeba rundo lote, na Emmah, binamu yake Warigia aliyekuwa akijifunza ufundi kwake, akapiga sakafu ufagio. Emmah alikuwa msichana wa mzaha. Alitoka humo akicheka, akasema saruji ya pale katikati ina joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Chuma cha kulehemu, asubuhi iliyofuata, kilikuwa ishara ya kwanza tu. Siku zilizofuata kukaja harufu, ya nywele zilizoungua ikichanganyika na ya udongo uliolowa, na hata wafungue madirisha yote haikutoka. Kisha zikaja sauti. Mchana mmoja, mvua ikinyesha na stima ikiwa imepotea mtaa mzima, mafundi wote walikuwa wamekaa wakisubiri, na redio ndogo iliyokuwa mezani kwa Warigia, iliyofunguliwa mgongo, isiyo na betri wala spika, ikaanza kutafuta stesheni. Ilikoroma, ikapiga mluzi, ikanasa neno moja la mtangazaji, neno jingine la mhubiri, neno jingine la mwanamke anayetangaza sabuni, kila neno kwa sauti yake, mpaka yale maneno yakajipanga na kuwa swali, na wote waliokuwa mle ndani wakalisikia bila mmoja wao kuthubutu kugeuza shingo amtazame mwenzake.

"Nyumba yangu," ilisema, "mmepeleka wapi?"

Mzee Ahmad aliinuka polepole, akaifunika redio kwa koti lake. Bedan alisema ni mawimbi ya mvua, na kwamba asisikie mtu akipeleka habari hizo nje kabla ya wageni kuja.

Lakini Warigia hakupata tena utulivu. Alikuwa akipanga alichokwisha kupanga. Alihesabu koleo, akazihesabu tena, akageuka ghafla kila hewa ilipopita nyuma yake. Na kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye rafu, alichelewa kumwona Emmah.

Wasichana hao wawili waliishi chumba kimoja cha kupanga, si mbali na karakana. Warigia alipoinua godoro la Emmah abadilishe shuka, alikuta chini yake nyaya, vifuniko vya betri, antena zilizovunjika na vipande vya kioo, vimebanwa vikapangwa kama kiota. Alimwita, akamuuliza ni nini hicho.

"Si zangu," Emmah alijibu, bila mzaha wowote usoni. "Nawekea mtu."

"Mtu gani?"

"Hana pa kulala."

Aliposema hivyo kitu kiligonga meno yake. Warigia alimshika taya, akamfungua mdomo kwa nguvu, akaona skrubu zimejaa chini ya ulimi, ndogo, zinazong'aa kwa mate, na kabla hajaingiza kidole Emmah akazimeza zote huku akimtazama, bila kukohoa, kama mtu anayemeza uji.

Hospitalini walimpokea vizuri na kumpiga picha ya tumbo. Daktari aliiinua picha kwenye mwanga, akaigeuza, akaiinua tena. Alisema skrubu kwa kawaida hutawanyika, kila moja ikafuata njia yake, lakini hizi zilikuwa zimekaa pamoja, moja juu ya nyingine, zimechongoka kama kichuguu. Hazikuwa zimetoboa kitu. Wangemlaza, wangemwangalia, na zisipotoka wangempasua. Mama yake Emmah alikuja na mchungaji wao, wakaomba kando ya kitanda, na Emmah akalala usingizi mzuri siku nzima. Alipoamka alikuwa ameng'oa skrubu za kitanda cha hospitali.

Hapo ndipo mzee Ahmad alipomvuta Warigia pembeni, kwenye veranda ya wodi, akaongea kwa sauti ya chini sana. Alimwambia kwamba miaka yote aliyofanya kazi pale, kila asubuhi alipofungua alitoa salamu kwenye mlango wa chumba cha nyuma, na siku nyingine alijibiwa. Hakikuwa kitu kibaya, alisema. Kilipenda mahali palipoachwa. Aliona haya kuwaambia, maana wangesema mzee ameanza kuchanganyikiwa. Alikuwa na dada yake kule Majengo ya Thika, anayeitwa Tausi, aliyejua kuongea na vitu hivyo.

Bi Tausi alikuwa muuza mapazia, mwanamke mnene mwenye miwani, na hakuipenda kazi hiyo ya pili. Alisema watu humjia wakiwa wameshavunja kila kitu. Alitaka msichana aletwe mahali penyewe. Daktari hakufurahi, lakini mama yake Emmah alitia sahihi, wakamchukua kwa saa chache, wakamkalisha kwenye kiti katikati ya chumba cha nyuma, kitupu, kilichopakwa rangi nyeupe mpya.

Ilikuwa alasiri, jua liko nje, watoto wanacheza mpira nyuma ya ukuta. Bi Tausi alitia ubani kwenye makaa, akasoma aliyoyasoma kwa sauti ya mnong'ono. Moshi uliinuka wima, kisha ukajikunja na kuelekea kwa Emmah, ukamzunguka shingo. Ile harufu ya nywele zilizoungua ikawa nzito mpaka Warigia akaionja ulimini, na zile sauti za watoto nje zikazidi kuwa mbali na mbali, kana kwamba chumba kilikuwa kinazama taratibu kwenda chini ya ardhi nao wakiwa ndani yake, na Emmah, midomo ikiwa imefungwa, imekazwa kama iliyoshonwa, akaanza kukoroma kutoka kooni, akipiga mluzi, akitafuta stesheni.

Bi Tausi alimwambia huyo aliyekuwa kooni atoke kwa msichana.

"Nilikuwa nimelala," ilisema ile sauti, neno la mtangazaji, neno la mhubiri, neno la mtoto. "Mkanifagia."

"Toka. Huyu ana mama."

"Nikae wapi?"

Bi Tausi alivua miwani, akamgeukia Warigia. "Anauliza akae wapi. Si mimi wa kumjibu. Mimi sikumhamisha."

Warigia alikuwa ameegemea mlango. Alimtazama binamu yake, jasho likimtiririka, tumbo lake limeinuka chini ya leso kama kuna kitu kinachojijenga humo.

"Nitakurudishia," alisema. "Nitakurudishia yote."

Koo la Emmah likanyamaza. Bi Tausi alifumba macho kama aliyesikia gilasi ikivunjika.

Warigia alikodi pikapu siku hiyo hiyo, akaenda Gatuanyaga na mzee Ahmad. Kule, kwenye vumbi, katikati ya mbuzi, waliukuta uwanja wa yule mnunuzi, na moshi mweusi ukipanda kutoka kwenye shimo. Vingi vilikuwa vimeshavunjwa na nyaya zake kuchomwa zitoe shaba. Wakapekua mpaka kucha zikatoka damu, wakaokota kila walichokitambua. Havikujaza pikapu.

Walipofika Gatongora, Bedan alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la wageni, maana wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Alimuuliza Warigia kama ni kweli wamefanya kazi muda wote huo ili yeye arudishe takataka ndani. Alisema asiziingize pale, azipeleke popote pengine.

"Bedan, msichana anameza skrubu," Warigia alimwambia. "Kama unataka nirudishe vitu hivi Gatuanyaga, sawa. Lakini kwa mama yake utaenda wewe, umwambie tulikuwa na wageni."

Bedan alitazama chini. Kisha akakunja mikono ya lile shati, akashika upande mmoja wa televisheni.

Walimsogeza Emmah na kiti chake ukutani, Bi Tausi akiwa kando yake, wakarundika vyote katikati ya chumba. Rundo lilifika kiunoni tu. Walipoweka cha mwisho Emmah aliinama, akafungua mdomo, na skrubu zikaanza kutoka moja moja, kavu, safi, zikilia kwenye saruji, na hazikuwa na damu wala matapishi. Zilipokwisha alilia kwa sauti yake mwenyewe, akamwita mama yake. Warigia alimkumbatia, naye akacheka na kulia pamoja, mpaka aliposikia nyuma yake, ndani kabisa ya rundo, kitu kikipiga mluzi.

"Halijafika," ilisema.

Wote walitoka nje. Bi Tausi alifunga mlango, akakaa kwenye kreti kupumzisha magoti. Alimwambia Warigia kwamba neno alilotamka lilikuwa *yote*. Warigia akasema vingine vimeshachomwa, havipo duniani. Bi Tausi akasema hilo yule mwenyewe analijua, na halimhusu. Rundo lijazwe na vitu vilivyokufa, akasema, mpaka dari, na asikae sana bila kuongezewa. Kisha akaomba maji ya kunywa, akarudi Thika kwenye mapazia yake.

Wageni walikuja, wakapiga picha vile vivuli vya ukutani, wakapendezwa. Mashine zikaja. Vijana wakaja kufundishwa. Emmah alipona, akarudi kwenye mzaha wake, na hospitali ikampiga picha nyingine iliyokuwa safi. Kila mtu alisema karakana ya Gatongora imekuwa mfano. Kila kifaa kilipatikana mara moja, kila hitilafu ikaonekana mapema, na mafundi wakawa hodari mno. Vitu vilivyokuwa vikifa zamani sasa vilipona. Watu waliingia na redio bubu wakatoka nazo zikiimba.

Na rundo likabaki kiunoni.

Jumapili moja, wakila chakula cha mchana kwa mama yake, Emmah alitoa kitu mdomoni katikati ya maongezi, akakiweka ukingoni mwa sahani kama mtu aliyekuta jiwe kwenye mchele, akaendelea kuongea. Hakukitazama. Ilikuwa skrubu. Warigia aliifunika kwa kiganja kabla mama hajaiona, nayo ilikuwa na joto.

Kesho yake alifika kazini kabla ya wenzake. Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye koti la sufu, kutoka upande wa Kamakis, na redio imefungwa ndani ya kanga. Alisema ilikuwa ya mumewe, na kwamba tangu inyamaze nyumba imekuwa na kimya ambacho hakizoeleki. Warigia aliifungua. Ni waya mmoja tu uliokuwa umeachia, mwekundu, mfupi kama kidole. Kwa chuma cha moto ingekuwa kazi ya kuhema mara mbili. Aliutazama ule waya kwa muda. Kisha akarudisha kifuniko.

"Imekufa, shosho," alisema. "Pole sana. Hata ukiipeleka wapi."

Yule bibi aliipapasa redio kwa vidole, akauliza kama angeweza kuiacha hapo, maana hangetaka kuitupa. Warigia akamwambia aiache, watamwekea. Akamsindikiza mpaka barabarani amemshika mkono, akarudi, akaibeba redio hadi chumba cha nyuma, akaiweka juu ya rundo bila kuangalia sana, akafunga mlango.

Mezani kulikuwa na kijana anasubiri, ameshika simu yenye kioo cheusi. Alimuuliza Warigia kama itapona. Warigia aliipokea, akaigeuza, akaiona hitilafu papo hapo, ndogo kabisa. Kabla ya kumjibu akatega sikio upande wa nyuma.