Pamba ya Ndani ya Spika

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, huko mbele nafasi hakuna.

Siku ya tatu tangu iingie nyumbani, spika ile ilitoa noti kabla haijapigwa. Kidole cha mwenyewe kilikuwa bado hewani. Dum, noti ikatoka, ndipo kidole kikafika kwenye uzi wa gitaa.

Mwenyewe alikuwa mpiga besi wa miaka thelathini. Bendi nzima ilimwita Tetemeko, na jina hakupewa bure: aliwahi kuvuta uzi mmoja ukumbini, meno ya bandia ya bwana harusi yakahamia kwa bibi harusi. Basi jitu kama hilo likajiambia masikio yamezeeka, likaendelea kupiga.

Kosa alikuwa ameshalifanya. Spika ilikuwa ya kizamani, boksi la mbao kubwa kama kabati la nguo, aliitoa stoo ya ukumbi uliofungwa. Mwanzoni ilisikika kama mtu aliyefunikwa mto usoni. Tetemeko akafungua skrubu nane za mgongoni, akakuta tumbo limeshindiliwa pamba mpaka kwenye kona, pamba yenyewe imefungwa kwenye shuka na kushonwa kwa uzi mweusi. Sasa mpiga besi yeyote atakwambia: pamba ikizidi, inakula besi. Akaing'oa yote, akaitupa uani. Alipopiga tena, besi ilishuka chini hivi kwamba fuko walihama mtaa mzima na watoto wao. Tangu azaliwe hajasikia utamu ule. Alilia, mwanamume mzima na ndevu zake.

Mkewe ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Huyo mama akiimba jikoni, sufuria ziliona aibu kuchemka. Jumatatu noti za juu zikamkimbia. Jumatano akawa anakwaruza kama mlango wenye kutu. Ijumaa hakubaki na kitu ila mnong'ono, na Jumapili bendi ina onyesho.

"Mume wangu," alinong'ona, ameshika koo, "litoe hilo dude."

"Ni mafua tu, mama. Kunywa maji ya moto."

"Mafua gani hayana kamasi? Nimesikia sauti yangu chumbani kwako. Mimi nikiwa bafuni."

"Ulisikia redio."

"Redio ilikufa mwaka juzi. Na wewe ndiye uliyeiua, ukijifanya fundi."

Tetemeko akacheka, akaingia chumbani kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa dirishani. Waya ulikuwa umelala sakafuni, plagi haijagusa ukuta, lakini mdomo wa spika ulikuwa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea, kama kifua cha mtu aliyepanda ngazi, na harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa imetanda mpaka machozi yakamtoka, na humo ndani, chini kabisa, chini kuliko besi yoyote aliyowahi kuipiga, mkewe alikuwa anaimba wimbo ambao hajawahi kuuimba, anaushusha, anaushusha, mpaka vioo vya dirisha vikaanza kulia.

Akaufunga mlango taratibu. Hakucheka tena.

Mganga aliyeitwa alikuwa bibi mmoja amekonda, akigeuka ubavu, unamtafuta. Alitega sikio kwenye boksi, akarudi nyuma haraka.

"Mwanangu, pamba umeiweka wapi?"

"Uani, bibi. Ilikuwa inazuia boksi kupumua."

"Ndiyo maana waliiweka! Asipumue!" Akashusha sauti. "Sikiliza. Jini huyu hushika sauti moja tu. Mrudishie pamba yake, mfunge, ya mkeo ataitema. Lakini mpaka skrubu ya nane ikaze, usitoe hata mguno. Utakachotoa atakidaka, na hicho hakitemi."

Wakamtoa mke, akasubiri nje ya mlango. Tetemeko akaokota pamba yote, akaifunga kwenye shuka, akaishona upya, akaanza kuishindilia kwa ngumi zote mbili, na boksi likawa linamlilia kwa sauti ya mkewe, linamwita, linamwambia anaumia, anakosa hewa, aache, wamezeeka pamoja, anamfanyia nini, naye ameuma kola ya shati mpaka fizi zinatoka damu, jasho linamwagika kama amefunguliwa bomba, anakaza skrubu ya tano, ya sita, ya saba, bisibisi inateleza, na ile ya nane ilipobakiza mzunguko mmoja tu, kukawa kimya.

Kimya kizuri. Kimya cha ukumbi kabla ya onyesho. Na Tetemeko, kabla kichwa hakijamzuia mdomo, akafanya kile ambacho amekifanya kila akimaliza kufunga vyombo kwa miaka thelathini. Akaligonga boksi kwa kidole, akasema:

"Cheki. Moja, mbili."

Mganga akajifunika uso.

Ndani ya pamba, polepole, sauti nzito ya kiume ikasema: "Tatu."

Mlango ukafunguka kwa kishindo. "Imerudi!" mkewe alipiga kelele, sauti safi kama kengele, akamrukia shingoni. "Mume wangu, imerudi! Nisikie! Mbona hunijibu? Sema basi!"

Tetemeko akafungua mdomo. Midomo ikacheza. Ikatoka hewa, kama ya tairi.

"Nakusikia, mke wangu," sauti yake ikajibu nyuma yake. "Sogea karibu, uimbe."